Ndoa ya Mijusi Wangu wa Kindu

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mzungu ninayemlindia nyumba ameondoka kwa ndege, sababu ya vita vya mashariki. Ameniachia sanduku la kioo lenye mijusi wawili wa madoa ya chui. Wana kope! Wananipepesea macho kama makarani wanaosubiri hongo. Ameniachia pia kijitabu cha Kifaransa cha wafugaji wanaoanza. Nimesoma kurasa za mwanzo. Zinatosha. Jimbo zima la Maniema, mimi ndiye mfugaji wa kwanza! Mnene nimemwita Jemadari, mwembamba Malkia. Mke wangu Tshibola amesema wakilala chumbani mwetu, yeye anarudi kwao Kananga. Basi, sebuleni. Hana jicho la biashara: hawa watazaa, nami nitauza watoto.

Jumatano, 5 Februari
Mijusi hawataki kitu kilichokufa. Wanataka nyenje wazima. Nimefuga nyenje kwenye ndoo. Leo mama mkwe kaikuta ndoo, kawakaanga wote kwa chumvi na pilipili! Nilikasirika mpaka nilipoonja. Majirani wakaja na sahani. Tshibola alicheka. Tangu simu ya mdogo wake ikatike huko Goma, sikuwa nimemsikia akicheka.

Jumamosi, 8 Februari
Siku ya aibu. Nilimwalika jirani Masudi, mfuga bata mwenye kiburi, aje kuwaona maharusi wangu. Nilimwalika na Jeannette, muuguzi. Mbele ya wageni, Malkia akamrukia Jemadari. Mkia wa Jemadari ukakatika, ukacheza peke yake mchangani! Masudi akasema ndoa hii ina moto. Jeannette akafungua kijitabu kurasa za nyuma, akawageuza mijusi, akatafuta kwenye shina la mkia vitundu vinavyotambulisha dume.
"Papa Kayembe," akasema, "hawa wote njo wanaume."
Madume wote wawili! Masudi alicheka mpaka akakaa chini. Nimeweka ubao katikati ya sanduku. Malkia sasa ni Kanali.

Jumatatu, 10 Februari
Nilimdhania vibaya Masudi! Kaniletea jike, eti katoka Kampene. Madoa meusi ajabu. Nimemlipa Masudi kwa redio yangu. Bibi harusi akapanda kioo, moja kwa moja hadi juu. Kijitabu kinasema mijusi hawa hawawezi kupanda kioo. Nikasema: ana kipaji.

Jioni
Kafika darini. Nilipomkamata, madoa yote yalibaki kiganjani mwangu. Wino! Ni mjusi wa ukutani tu. Masudi kasema mvua ya Kindu hufubaza kila kitu. Tshibola akaenda kwake na mwiko mkononi. Akarudi na redio, na bata wa fidia.

Ijumaa, 14 Februari
Mdogo wake Tshibola kapiga simu. Yuko mzima! Tulilia, kisha tukala bata. Jemadari ameanza kuota mkia mpya, mfupi, mnene kama muhogo. Ndoo zote sasa ni za Tshibola. Nyenje wake wa kukaanga wanagombaniwa sokoni. Nyumba ina raha.
Nami sikukaa bure. Mvuvi wa Lokandu kaniuzia mayai mawili ya mamba. Safari hii nilimuuliza mara mbili, maana mimi si mtu wa kudanganywa tena. Kaapa mbele ya watu: hili la kushoto ni dume, la kulia ni jike. Kulitazama yai tu, akajua! Watu wa Lokandu wana elimu.