Pedeli Yangu Imenitangaza Kuwa Sina Mke

Leo nimeaibika mpaka Muleba nzima imejua, na nahisi habari ilifika Bukoba kabla sijashuka kwenye gari.

Mnajua ubishi wangu na Deo. Sote tunapiga gitaa peke yetu na kujirekodi hapo hapo: unapiga kipande, mashine inakirudia, unaimba juu yake, mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Deo anatumia programu ya kompyuta. Mimi natumia pedeli, unaikanyaga tu. Siku zote namwambia kompyuta ni ya waoga. (Cheti changu cha masomo ya jioni ya kompyuta kinaniruhusu kusema hivyo.)

Basi kuna familia ya Muleba inaoza binti. Ikatuita wote wawili nyumbani tupige, ichague mmoja wa harusi. Harusi kubwa, ya kumtoa mtu mtaani kwetu Ijuganyondo akajulikana mkoa mzima. Niliitaka kazi ile kuliko chakula.

Deo akaanza. Kompyuta ikafikiri. Ikafikiri tena. Baba wa binti akamaliza chai kabla ya noti ya kwanza. Nikacheka kimoyomoyo, ila nadhani meno yalionekana. Mwishowe Deo akapiga, vizuri, kwa adabu.

Zamu yangu. Sasa, sebule ile ni kama za kwetu zote, viatu vinabaki mlangoni. Pedeli nimeizoea kwa buti. Leo niko na soksi (ya kulia ina dirisha), na vigae vimepigwa deki vinang'aa kama ziwa.

Pedeli yenyewe ni rahisi. Ukikanyaga inarekodi, ukikanyaga tena inarudia, ukiendelea inaongeza sauti juu ya sauti. Kuzima, unakanyaga mara mbili haraka.

Nikapiga gitaa, tamu kweli. Nikakanyaga kufunga kipande. Soksi ikateleza, pedeli ikaendelea kurekodi, mimi sina habari. Hapo hapo shangazi wa bibi harusi akaja na kibakuli cha kahawa za kutafuna. Mkubwa akikukaribisha kahawa huku kwetu, humwambii asubiri uko kwenye kiitikio. Nikainama, maiki iko shavuni, nikapokea kwa mikono miwili, nikajibu alichoniuliza, kwa "waitu" ya heshima ya Kihaya. Ndipo nikakanyaga tena, kwa nguvu.

Spika zikasema, juu ya gitaa langu tamu:

"Mwanangu, una mke?"

"Bado, waitu."

"Na umri huo wote?"

"Ndiyo, waitu."

Zikarudia. Na tena. Nikakimbilia kuzima, mguu ukateleza, nikakanyaga mara moja badala ya mbili. Ikaanza kuongeza! Sasa shangazi anauliza, mimi najibu, na mimi mwingine nyuma nalia "zima, Mungu wangu, zima" kwa sauti ya pili. Kila nilipojaribu, kwaya ilikua. Mabinti wa nyumba wakaanza kuitikia. Mmoja alicheza hadi akakaa chini.

Aliyechomoa waya ni Deo. Hilo ndilo lililoniuma.

Baba wa binti akafuta machozi, akatoa hukumu.

"Harusini atapiga huyu wa kompyuta. Wewe mwanangu njoo kama mgeni. Shangazi atakukalisha karibu na watu anaotaka uwaone."

Bado nasema pedeli inaishinda kompyuta. Ila vidole vya Deo havivuliwi mlangoni.

Harusini naenda. Mkitaka kucheka, chekeni mara moja tu. Kwa leo nimechoka na vitu vinavyojirudia.