Arobaini ya Bibi na Sikukuu ya Yusufu

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe, na aliyenivua ni mtoto niliyemzaa mwenyewe. Naandika haya nimeinamia masufuria nyuma ya jiko la mama mkwe wangu, kijijini Mazingara. Hakuna aliyenituma kuosha. Nimejituma, kwa sababu masufuria hayana macho.

Kwa wasiojua, mimi na mume wangu na watoto tumerudi juzi juzi tu kutoka Uturuki, alikokuwa anasoma. Tuliondoka binti yetu Sabra akiwa bado anabebwa mgongoni. Sasa ana miaka saba na mdomo wa mtu mzima. Mdogo wake Yusufu, wa miaka minne, alizaliwa hukohuko. Kwake Tanzania ilikuwa kitu kinachoishi ndani ya simu. Siku tunaondoka, mama mkwe hakulia kama wengine. Alisema tu tuangalie tusije tukamrudishia wageni badala ya wajukuu. Maneno hayo nimeishi nayo miaka yote ya ugenini, kama kijiwe ndani ya kiatu.

Mwezi uliopita, tukiwa tunafunga mizigo ya kurudi, Bibi akafariki. Huyu ni mama yake mama mkwe, ndiye aliyemlea mume wangu, na watoto walizoea kumwona kwenye simu kila Ijumaa. Mazishi hatukuwahi. Familia wakasogeza kisomo cha arobaini mpaka leo ili na sisi tuwepo. Kwa hiyo leo watu walikuja kumsomea Bibi, halafu, wakishamaliza, kutukagua sisi.

Tumetoka kwetu Ngombezi alfajiri, tukabadilisha gari Handeni mjini. Njia nzima nawafundisha watoto kuamkia. Sabra aliweza mara moja. Yusufu aliweza kupita kiasi. Alimwamkia kondakta, akaliamkia dumu la mafuta, na lilipokatiza kundi la ng'ombe barabarani dereva akasimama, akawaamkia ng'ombe wote, kila mmoja na shikamoo yake. Nikatulia. Nikasema somo limeingia.

Sabra nilimweleza kwamba Bibi amefariki na tunakwenda kumwombea. Yusufu nilimwambia tunakwenda kwa Bibi, basi. Niliogopa maswali yake. (Hilo ndilo kosa lenyewe. Mengine yote yaliyofuata ni matawi.)

Tukafika. Turubai limefungwa uwanjani, wazee wamekaa kwenye mikeka na kanzu zao na kofia, ubani unafuka, wanawake wa khanga wanageuza pilau kwenye masufuria makubwa. Mimi nikaona msiba. Yusufu akaona kitu kingine kabisa, na naapa sikulifikiria hilo mpaka maji yalipozidi unga.

Kule Uturuki, siku pekee ambayo mwanangu aliwahi kuona kanzu zikitolewa kwenye masanduku na pilau likipikwa na Watanzania wote wakikusanyika ni siku ya Idi. Na watoto wa kule asubuhi ya Idi wana desturi yao. Wanapita kwa wakubwa, wanabusu mkono wa mtu, wanaugusisha kwenye paji la uso, wanatamka maneno ya heri, kisha wanakinga viganja. Wanatiwa pipi. Yusufu ni bingwa wa shughuli hiyo. Sikukuu iliyopita mfuko wa suruali ulichanika kwa uzito.

Mama mkwe alitoka ndani, akakumbatiana na mwanawe, wakalia. Halafu akanishika mkono anipeleke nikawaamkie wazee. Nikainama, nikaamkia. Sabra akaamkia, wakamwitikia marahaba kwa furaha. Yusufu akaniponyoka.

Akaenda moja kwa moja kwa mzee wa kwanza mkekani, Mzee Mhina, kaka yake marehemu, ambaye masikio yake yamechoka kidogo. Akauchukua mkono wake, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso, na kwa sauti ya chekechea akasema, "Bayraminiz mubarek olsun." Kisha akakinga viganja viwili, akangoja.

Mzee Mhina akavitazama vile viganja. Halafu na yeye akainua vyake, akasema, "Al-Fatiha."

Turubai zima likainua mikono. Kule jikoni miiko ikasimama. Kikapita kimya cha watu wanaosoma moyoni, ikaja amina, watu wakajipangusa uso, na Yusufu akajipangusa kwa kuiga. Kisha akahamia kwa mzee wa pili. Busu, paji la uso, bayraminiz, viganja. Al-Fatiha tena. Mzee wa tatu, vilevile. Nikasikia wanawake nyuma yangu wakinong'onezana mashaallah. Mama mkwe alikuwa ananilowanisha bega kwa machozi.

Maalim aliyekuwa anaongoza kisomo akaniuliza kwa upole kwamba mtoto anasema maneno gani, maana yeye amesikia kitu kama mubaraka.

Jamani, mlango wa ukweli ulikuwa wazi kabisa. Ningesema tu kwamba mtoto amechanganya, tungecheka kidogo, yakaisha. Lakini nilikuwa na machozi ya mama mkwe begani, na kile kijiwe kiatuni.

"Anawapa pole, maalim," nikasema. "Kwa Kituruki."

Na kwa kuwa uongo mmoja ni mkiwa, nikauongezea mwenzake. Nikasema kule watoto wanafundishwa adabu za msiba mapema sana. Mume wangu, anayekijua Kituruki kuliko mimi, alinitazama, halafu akaanza kuvitazama vidole vyake vya miguu kama mtu anayeviona kwa mara ya kwanza.

Maalim akawageukia watu. Akasema wanaodhani mtoto akipelekwa ng'ambo ndiyo amepotea, waje waangalie hapa. Mama mkwe akainua kidevu. Mimi nilijihisi nimerefuka.

Yusufu wakati huo ameshasomewa Fatiha tatu na hana hata pipi moja. Akaviangalia viganja vyake. Mdomo ukaanza kutetemeka. Akasema kwa Kiswahili safi, ambacho siku zote namsihi akiseme na hataki, "Mama, hawa babu hawana pipi."

Nikacheka kile kicheko cha meno. Nikasema mtoto ana njaa ya safari. Lakini maalim akainama, akamuuliza pipi gani. Na hapo Sabra, anayependa kusaidia watu, akasaidia.

"Pipi za sikukuu, babu. Amewaambia sikukuu yenu iwe ya baraka. Mtu akikubusu mkono unampa pipi."

Maalim akamuuliza, taratibu kama mwalimu wa darasa, kwamba pole ya msiba kwa Kituruki inasemwaje. Sabra akaitamka yote bila kukwama. Halafu akaongeza, Mungu amlinde, "Mama anaijua. Alimwambia jirani yetu mume wake alipofariki."

Kule jikoni hakuna aliyegeuza pilau, ukoko ukasikika ukishika chini ya sufuria. Mzee mmoja akashikwa na kikohozi nyuma ya kofia yake, kikohozi chenye mabega. Mzee Mhina, ambaye hakusikia kitu, akamuuliza jirani yake kwa Kizigua kumesemwa nini. Jirani akamsogelea sikioni na kumpazia sauti kwamba mtoto amesema Idi mubarak.

"Na kwake pia," akajibu Mzee Mhina kwa heshima zote.

Maalim akasema Fatiha zilizosomwa zimesomwa, zimemfikia aliyekusudiwa, tuendelee na kisomo. Mimi nilikuwa nangoja kauli ya mama mkwe. Haikuja. Nilitamani anitukane.

Alichuchumaa mbele ya Yusufu. Mtoto akamuuliza, "Bibi wa kwenye simu yuko wapi? Yeye bado sijambusu."

Pale wote tuliinamisha vichwa. Mama mkwe akasema, "Twende nikuonyeshe." Akamshika mkono, wakazunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye kaburi. Niliwafuata kwa mbali, kama mtu asiyehusika. Sikusikia alichomweleza. Niliona tu Yusufu amepiga magoti, akakibusu kiganja chake na kukigandamiza kwenye udongo. Akakaa kidogo. Halafu, desturi ni desturi, akakinga mikono. Mama mkwe akafungua fundo la khanga, akamtilia karanga, naye akakaa chini wakala pamoja, analia anatafuna.

Waliporudi alinipita bila kunitazama. Kisha akasimama. Akasema wazee wako tayari kula, na kunawisha leo sio kazi ya vijana. "Utawanawisha wewe, Mama Sabra."

Kwa hiyo nikapita mkeka mzima na birika na beseni, mzee mmoja baada ya mwingine, nimeinama, uso unawaka. Wengi walinawa wakitazama maji kwa bidii ya ajabu. Mzee Mhina akanawa vizuri hadi viwiko, akakung'uta mikono, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Sikukuu njema, mwanangu," akasema.

Pilau sikula. Mume wangu amekula mawili, lake na langu.

Nyie chekeni tu, najua mmeshaanza. Ila kesho asubuhi tunaaga wazee, mmoja mmoja, kwa mkono. Mwenye homa ya kuniazima aniletee mapema.