Mlango wa Zahanati ya Mkojo Salama

Ndugu Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Waheshimiwa Mabalozi wa Nyumba Kumi, wazee wenye ng'ombe na wazee mliowahi kuwa na ng'ombe (kicheko), wakulima na wafanyakazi, mimi Nikolaus Mseti, Katibu wa Komiti ya Mkojo Salama na mjumbe wa komiti nyingine kumi na moja, nasimama mbele ya mlango huu wenye utepe mwekundu nikiwa nimejaa furaha isiyo na bajeti! (Makofi.)

Kiteknikali, ndugu zangu, tundu la mkojo ni idara nyeti. Likikuwasha kidogo kwa sababu ya sabuni kali, au likikuchonyota kwa kuwa umelima kutwa bila kunywa maji, usipige mbiu: acha hiyo sabuni, kunywa maji, ngoja siku moja au mbili. Lakini likichoma kila ukienda haja ndogo, au ukaona damu, usaha, homa, maumivu ya kiuno, au mkojo ukagoma kabisa, usingoje hata azimio la komiti, nenda kwa mganga! (Makofi marefu.)

Na utafiti wangu, nilioufanya kwa kumkalisha kila mzee benchi moja na mke wa mwanawe, kisha nikauliza kwa sauti kunamchoma nani, umethibitisha kuwa wagonjwa hapa ni asilimia sifuri nukta sifuri! (Wazee wanatazama miguu yao. Mokami, mke wa mwana wa Mzee Machage, anasimama: “Baba mkwe, samahani, nipe mgongo.” Mzee Machage anageuka, wakwe wote wanageuka. Vicheko.)

Sema, mama, usiogope! (Mokami: “Muwasho niliuvumilia. Sasa ni siku ya tatu, homa, na mkojo una damu. Lile benchi lako lilinifunga mdomo. Fungua huo mlango, nimwone mganga.”)

Mlango... ndugu wananchi, mlango tutaufungua kwa awamu, maana implimentesheni... (Mokami anausukuma. Unaanguka. Nyuma yake hakuna jengo, ni mbuzi tu wanakula majani.)

Landrova yangu! Impeleke hospitali ya Mugumu sasa hivi! (Mzee Machage, bado amegeuza mgongo, kwa dereva: “Mura, kijana wangu, washa gari, ondoka!” Gari linaondoka. Vigelegele.)

Maji tele! Aibu kidogo! Homa na damu, mbio kwa mganga! Kwa heshima na taadhima namshukuru Ndugu Ryoba aliyetuazima mlango wa nyumba yake. Jamani, msaidieni kuubeba, mvua inakuja, nami natembea kwa miguu.