Kufuli la Injinia Nassibu

Nassibu hakuwa na njaa asubuhi ile. Alikaa kwenye kibanda cha supu Tabata kwa sababu ndiko watu wanakosema shida zao bila kuulizwa. Pembeni yake vijana wawili wa karakana ya Mwalimu Felicitas walikuwa wakilalamika huku wanatafuna.

"Kila oda mpya tunaanza sifuri," alisema mmoja. "Chipu ikibadilika, mafaili yote upya. Mteja akiongeza tenki, upya tena. Na mwalimu anataka bodi kesho."

Karakana ile ilitengeneza bodi za kuendesha pampu: maji yakipungua tenkini pampu inawaka, yakijaa inazima. Nusu ya Tabata walikuwa wateja, na nusu nyingine walikuwa njiani. Nassibu hakujua chipu wala tenki. Alichosikia yeye ni mafundi waliochoka na bosi mwenye haraka, na kwa mtu wa kazi yake hiyo ni sawa na kuitwa kwa jina.

Akamaliza supu, akawaomba wamlipie. Wakamlipia.

Siku mbili tatu baadaye aliingia karakana, shati limechomekewa, laptopu kwapani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Injinia Nassibu, wa violezo."

Felicitas, mama wa Bukoba aliyefundisha sekondari mpaka akastaafu, alishusha miwani puani. "Violezo vya nini, mwanangu?"

"Vya miradi ya bodi, mama. Vijana wako kila siku wanachimba msingi upya. Kiolezo changu kinauliza tu: chipu gani? Pampu ngapi? Tenki ngapi? Kijana akijibu, mradi unajipanga wenyewe, mafaili yote tayari. Asipojua jibu anabonyeza enta, kinachukua jibu nililoliweka mie."

"Na majibu yako ni ya kuaminika?"

"Mwalimu, mie na uongo tulishaachana, talaka tatu."

Tusimwonee, nusu alisema kweli. Kiolezo kilikuwepo. Kilikuwa bure mtandaoni, kimewekwa na watu wa mbali wenye moyo wa kusaidia, na kazi ya Nassibu ilikuwa kukipa nembo na bei. Ila kabla ya hapo alimnunulia chipsi kuku rafiki yake Didas wa Ukonga, Ukonga ya mtaani, si ile ya gereza yenye geti kubwa, ili aongeze mambo matatu ambayo kiolezo hakiyaulizi: tarehe ya kujifunga, namba ya siri ya kufungua, na namba ya simu. Kila bodi itakayojengwa nacho ingefanya kazi kwa adabu mpaka katikati ya Ramadhani, kisha igome, kioo chake kidogo kiandike: PIGA SIMU HUDUMA. Huduma, bila shaka, ni Nassibu. Watu wanasubiri kufuturu, tenki tupu. Nani angebishana bei?

Malipo ya kwanza ya Felicitas yakageuka kanzu mpya, zulia, na kodi ya nyumba nzima hapo hapo Tabata. Nassibu alikuwa amepeleka posa Temeke kwa Nusaiba, na baba wa binti, Mzee Mbwana, alisema hatoi jibu mpaka aone mwanawe atakaa wapi. Mdomo wa Nassibu haukuwa na mlango. Aliporudi karakana alimwaga yote, siku ya ugeni, idadi ya mashangazi, mpaka nyama ya pilau inatoka bucha gani.

"Jumapili hii, saa ya Adhuhuri?" aliuliza Felicitas. "Basi chukua bodi, zawadi yangu. Ila uijenge mwenyewe kwa kiolezo chako, vijana wakuone."

Vijana wakamzunguka. Nassibu akakaa mbele ya kompyuta kama mpiga kinanda. Chipu gani? Enta. Pampu ngapi? Enta. Enta, enta, enta. Kufuli lilikuwa mbali, Ramadhani huko, na ufunguo alikuwa nao kichwani.

"Mbona husomi?"

"Mtunga mtihani hasomi maswali, mwalimu."

"Wa hivyo nimewafelisha wengi," alisema Felicitas. Nassibu akacheka kuliko wote, na vijana wakaenda kuifunga bodi nyumbani kwake.

Jumapili nyumba ilifurika. Temeke ilikuja na wajomba, mashangazi, na watoto ambao hakuna aliyewaalika. Mzee Mbwana alikagua vyumba kama anayenunua.

"Maji je?"

"Hapa maji hayajui kukatika, baba. Bodi nimeisanifu mwenyewe."

Watu wakanawa, wakaosha vyombo, wakajaza madumu, watoto wakacheza na bomba. Adhana ilipolia, Mzee Mbwana alikunja mikono ya kanzu, akafungulia. Bomba likakohoa, likatema matone, likanyamaza.

"Injinia," alisema shangazi Zuena, "maji yako yameomba ruhusa?"

Nassibu akakimbilia nyuma ya nyumba. Kioo kinang'aa: PIGA SIMU HUDUMA. Akaingiza namba ya siri kwa vitufe vya bodi. Imekataliwa. Akarudia. Imekataliwa. Fundi yeyote wa mtaani angeunganisha waya za pampu moja kwa moja, lakini yeye alikuwa injinia wa maneno. Umeme aliuogopa kama polisi. Ndipo akaisoma namba ya simu. Haikuwa yake.

Akapiga.

"Huduma hapa," ilijibu sauti ya Felicitas.

"Mwalimu, umenifanyia nini?"

"Nilikisoma kiolezo chote, hata yale kisiyoyauliza. Mie nikisahihisha naanzia ukurasa wa mwisho. Nikabadilisha tarehe, siri na simu. Wewe ukabonyeza enta."

"Wazee wanataka kutawadha, mama."

"Na wateja wangu wangetaka kufuturu."

Nassibu akaufuta uso kwa mkono wa kanzu mpya. "Bei gani?"

"Pesa yangu najua umeshaitandika sebuleni. Nataka hiyo laptopu, na kesho uje kazini. Kuna bodi zilitoka kabla sijakisoma. Utazifuata nyumba kwa nyumba, upande ngazi, uzibadilishe. Bila ujira."

"Mie naogopa umeme, mwalimu."

"Utazoea."

"Bwana Nassibu," aliita Mzee Mbwana toka bombani, "sala inatupita. Kama nyumba yenyewe ndiyo hii, tuondoke."

"Nakubali, mama. Nakubali yote. Siri ni ipi?"

"Usiandike kitu. Bonyeza enta."

Akabonyeza. Pampu ikanguruma.

Baada ya pilau Mzee Mbwana alijifuta midomo, akauliza alichokuja kuuliza. "Kazi yako hasa wapi, kijana?"

"Karakana ya Mwalimu Felicitas, baba," alisema Nassibu, na kwa mara ya kwanza tangu apeleke posa alikuwa hadanganyi.

Akapewa binti. Siku ya harusi Felicitas alikuja na zawadi ndogo imefungwa kwa karatasi ya maua. Nassibu, viganja vina sugu za ngazi, akaipapasa, akajua ni bodi.

"Mwalimu, hii haina kufuli?"

"Kufuli lipo."

"Na namba ya siri?"

Felicitas alimgeukia bi harusi, na Nusaiba akainamisha uso, akaitazama hina mikononi mwake, akatabasamu.