Inchi Tisa na Robo

Jumatano, 20 Agosti

Siku sita zimebaki. Jumanne saa kumi alasiri timu inatoa orodha ya mwisho: wachezaji hamsini na watatu. Leo tuko na tisini. Wataondoka thelathini na saba. Thelathini na sita kati yao wala hawaninyimi usingizi. Ni huyu mmoja.

Cade Ostrander. Mrushaji wa futiboli ya Kimarekani, yule anayewapasia wenzake mpira kwa mkono, miaka ishirini na miwili. Nilimtoa mimi kwenye chuo kidogo cha Nebraska ambacho hata watu wa Nebraska hukiulizia njia. Nilimpigia debe miezi minne, mpaka bosi wetu Roland Thayer akamchagua Aprili, kwenye uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wa vyuo, raundi ya tano. Leo Thayer kanikuta kwenye foleni ya kahawa. Akasema, bila hata kunitazama, kwamba kazi yangu na ya kijana ni mapacha. Akiingia orodhani, nami nimo. Akiachwa, nirudishe funguo za gari la timu. Akakoroga maziwa yake, akaondoka.

Miaka kumi na moja niliuza matairi hapa Toledo kabla ya kuwa msaka vipaji. Sikucheza mpira. Sikuzaliwa na baba kocha. Whit Lassiter, msaka vipaji mwenzangu, alijaliwa vyote viwili, na mpaka leo hawezi kugawanya kwa saba.

Mazoezi ya leo: Cade karusha mara ishirini na mbili, zimewafikia wenzake kumi na tatu, mpira umemponyoka mara mbili. Kocha anataka warushaji wawili tu. Wa kwanza hagusiki. Nafasi ya pili wanaigombea Cade na Marcus Pettibone, miaka thelathini na sita, magoti ya bibi kizee, viganja kama koleo. Whit akapita akaniuliza, mzee wa matairi, huyo kijana wako anapaka siagi viganjani au ni kipaji tu?

Kuna jambo sijaliandika popote. Naliandika hapa.

Mrushaji hupimwa kiganja. Unatanua vidole, unapima kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Thayer hamchukui mtu aliye chini ya inchi tisa na robo, maana mpira ukilowa kiganja kidogo hakiushiki. Januari nilimpima Cade hadi thumni, sehemu ya nane ya inchi. Nane na thumni saba. Lakini ukumbi ulikuwa wa baridi, na baridi hukunja vidole, hilo halihitaji daktari. Nikaongeza thumni tatu za baridi. Jumla tisa na robo. Hakualikwa kwenye upimaji wa taifa, kwa hiyo kipimo pekee Thayer alichokiona ni changu.

Thumni tatu. Unene wa penseli. Na utabiri wa Jumamosi ni mvua.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimelichukulia kama fundi. Kitu kikipungua, kinavutwa. Alfajiri nimempeleka Cade jikoni kwetu. Bernadette, mke wangu, amekanda unga wa pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha, tangu utotoni na ana vidole vya kufungua bati. Nikamwambia akivute kiganja cha kijana dakika arobaini. Akauliza kwa nini. Nikasema ni sayansi. Akasema sayansi ya nani. Lakini alivuta.

Baada ya hapo nikapima. Tisa kasoro unywele! Nikaona mwanga.

Saa nne mazoezini gumba la Cade limevimba kama soseji. Rusho kumi na tano, zimefika nne. Daktari wa timu kamwuliza kilichomsibu. Cade, ambaye hajui kusema uongo, akajibu kwamba amekandwa na mke wa Bwana Nowicki. Mpaka chakula cha mchana jengo zima lilikuwa linanipa pole.

Ijumaa, 22 Agosti

Kama siwezi kumwinua Cade, nimpunguze Pettibone. Nikamkaribisha samaki wa kukaanga kando ya ziwa. Mpango: nimpe takwimu zake zote, kwa heshima, mpaka aone mwenyewe kwamba amemaliza kazi na ni wakati wa kukaa nyumbani na wanawe.

Nilikuwa nimeandaa kurasa tatu. Misimu kumi na minne. Timu sita. Mara arobaini na moja kuangushwa kwa upande wa goti bovu. Akasikiliza vizuri, akala samaki wake, akala na wangu. Nikamalizia kwa ile niliyodhani ni shada la maua: rusho zilizofika katika maisha yake yote, elfu mbili mia tisa themanini na sita.

Akaacha kutafuna. Akaniuliza, Del, zimebaki ngapi kufika elfu tatu?

Nikasema kumi na nne. Mdomo wangu huu huu.

Hakuwa akijua. Macho yakamlowa, mtu mzima. Akasema mwaka jana alikuwa ameshaamua kustaafu, hata mashua ameshaitafuta, lakini kumi na nne, kaka, kumi na nne unanitania. Akanikumbatia. Jioni nikasikia amemfuata kocha kumwambia atacheza hata akibebwa kwa machela.

Jumamosi, 23 Agosti

Mvua tangu saa tatu asubuhi. Mchezo wa mwisho wa majaribio, uwanja wa nyumbani.

Nilimnunulia Cade glavu za mpira zenye kunata. Zilinata kweli. Mara ya kwanza alipotaka kuurusha, mpira ulikataa kumwacha, ukaondoka kwa kuchelewa, ukaenda nyuma. Akazivua. Kisha ukamponyoka mara tatu kwa mikono mitupu. Mara ya tatu uliruka juu kama sabuni bafuni, na mlinzi mmoja mnene wa timu pinzani akaudaka bila hata kunyanyuka.

Nyuma yangu mzee mmoja mwenye koti la mvua na soseji mkononi akapaza sauti: “Mleteeni ndoo akamue!” Safu nzima ikacheka. Nilitaka kumgeukia nimwambie kijana ana jicho, ana akili, ana hatua ya kwanza nyepesi kuliko warushaji tisa kati ya kumi wa umri wake. Nimehesabu. Sikugeuka. Nilikuwa nimeshika soseji ya aina ile ile.

Pettibone kaingia robo ya mwisho. Rusho saba, zimefika saba. Kwenye mvua.

Jumapili, 24 Agosti

Bernadette kaenda kanisani peke yake. Mimi nilikuwa na simu ya kupiga.

Hesabu iko hivi. Mchezaji mchanga akiachwa, timu nyingine thelathini na moja zina saa ishirini na nne za kumdaka bure. Hakuna bosi anayependa kuonekana ametupa kitu ambacho jirani anakitaka. Basi nikampigia Lottie Brandvold, mwandishi wa michezo. Nikamnong’oneza kwamba timu moja ya Magharibi inammezea mate Cade, inasubiri tu tufanye kosa. Akauliza nina uhakika kiasi gani. Nikasema asilimia themanini na tano, maana mia huonekana uongo.

Saa moja jioni redio zote zinasema. Nimelala kwenye kochi nikisikiliza uongo wangu ukisomwa kwa sauti nzuri. Kwa mara ya kwanza wiki hii chakula kimepita.

Jumatatu, 25 Agosti

Thayer kaniita asubuhi. Anatabasamu. Akanipiga begani. Akasema hongera Del, kumbe mtoto ana soko.

Nikakaa. Nikakubali kahawa.

Akasema kwa kuwa ana soko, hatamwacha, atamuuza, hata kwa nafasi moja ya kuchagua mwakani, raundi ya sita. Akaanza kupiga simu mbele yangu. Ya kwanza walicheka. Ya pili walidhani anatania. Ya tano ilikuwa timu ya Magharibi. Wale hawakucheka. Wakasema kijana walimpenda sana, msaka vipaji wao alimfuata Nebraska mwezi Machi, ila walimwacha kwa sababu ya kiganja. Nane na thumni saba.

Thayer akaweka simu chini. Akafungua faili. Akasoma karatasi yangu, kisha akanitazama mimi, kisha karatasi. Akatuma mtu amlete Cade na rula.

Nilisema kuhusu baridi. Nilieleza vizuri, na nyuzi joto za siku ile. Thayer akasema, Del, nyamaza kidogo.

Nane na thumni saba. Gumba likiwa bado limevimba.

Jumanne, 26 Agosti

Siku ya orodha. Mzee mmoja wa ofisini anayezunguka chumba cha kubadilishia nguo alianza saa mbili. Humgusa mtu begani, husema maneno yale yale: njoo na kishikwambi chako, bosi anakuita, maana kishikwambi kina mbinu za timu na anayeachwa hukirudisha. Saa nne akamgusa Cade. Saa nne na dakika sita akanigusa mimi.

Tukapanda lifti moja, kila mtu na kishikwambi chake kifuani. Ghorofa tatu. Cade ndiye aliyeanza. Akasema Bwana Nowicki, pole. Yeye ananipa pole mimi. Akasema kiganja chake anakijua tangu sekondari, hakijawahi kukua, na aliposikia tisa na robo alidhani labda mimi naona kitu ambacho yeye hakioni. Akasema ilikuwa miezi minne mizuri. Alishamwambia mama yake aje kutazama mchezo wa kwanza, tiketi ya ndege ameshakata.

Nikabonyeza tena kitufe cha lifti, ingawa kilikuwa kimeshawaka.

Funguo za gari nimeziacha mapokezi. Bernadette kanifuata na gari lake. Tulipofika nyumbani akazima injini. Hapo akasema, sayansi ya nani, Del.

Jumatano, 27 Agosti

Saa ishirini na nne zimekwisha. Timu thelathini na moja. Waliomtaka: sifuri. Cade kapiga simu akiwa barabarani, anarudi Nebraska kwa mjomba wake anayeuza mbegu. Eneo langu kapewa Whit. Kaniletea nyumbani mwenyewe kikombe changu cha kahawa kilichobaki ofisini. Hakutania. Ndicho kilichouma.

Jumamosi, 6 Septemba

Fort Wayne, Indiana, kwa gari la Bernadette. Nimemwambia nakwenda kuangalia bei ya matairi. Chuo kidogo, watazamaji mia nne, nusu yao wazazi. Sina timu, lakini ripoti nzuri haiulizi imetoka kwa nani.

Mrushaji wao anaitwa Bryson Huckaba. Rusho ishirini na sita, zimefika ishirini na moja. Anasoma uwanja kama anasoma jina lake. Mchezo ulipokwisha nikamwomba kiganja. Akakitanua kwenye boneti ya gari. Nimepima mara tatu.

Nane na thumni saba.

Lakini leo jua limewaka vibaya, nyuzi tisini na moja za Farenhaiti, mtoto anavuja jasho, na joto hukausha mtu, hukunja vidole. Hilo halihitaji daktari. Nimempa thumni tatu za joto.

Nimeandika tisa na robo. Kwa kalamu ya wino.