Ombi la Injini Iliyo Ndani ya Gari la Dada Yako

Kwa Shemeji Mkubwa,
Karani Mstaafu wa Mahakama, mtu wa haki.

Kuhusu: Dada yako kuninyima gari la kuchinja

Shemeji,

Pokea heshima zangu zote za kawaida, na nyingine nimeziongeza kwa ajili ya barua hii. Sisi huku wazima. Magoti yananisumbua kidogo, lakini hayo hayahusiki. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie, maana mambo ya ndani ukiwapa wenye mwandiko mzuri yanafika sokoni kabla ya kubandikwa stempu. Niliishia darasa la nne, lakini lile lilikuwa darasa la nne la zamani. Siku hizi ukitaka kulifikia itabidi upitie chuo.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepata gari la kuunga. Kama hujawahi kuliona, nakueleza: kwanza unapata ganda tupu la faiba, halina injini, halina magurudumu, halina hata usukani. Kisha unatafuta gari jingine zima, unalichinja, unatoa injini, giaboksi, ekseli na pedali, unavifunga kwenye chesisi mpya na kulivika ganda juu yake. Ganda langu ni jekundu, la viti viwili, lina pua ndefu kama kiatu cha bwana harusi. Lilikuwa la mpiga picha aliyehama mji, nikabadilishana naye kwa seti yetu ya makochi. Dada yako alikuwa kwa wateja wake wa sare siku hiyo. Aliporudi alikuta makochi yametoka na gari limeingia. Tulilipitisha kiubavu baada ya kung'oa mlango na fremu yake, na kwa kuwa mvua zilikuwa karibu, liko sebuleni mpaka leo. Wageni wanakaa humo. Juzi mwalimu mkuu alikuja kuulizia sare za shule, akanywea chai ndani ya gari, akaomba kikombe cha pili, na ilipofika saa ya kuondoka tulimshusha kwa kumbembeleza.

Sasa nimebakiza kitu kimoja tu, gari la kuchinja. Gari hilo lipo, naliona hapa dirishani ninapoandikia. Ni la dada yako. Amekataa. Kwa hiyo nakuletea malalamiko yangu kwa namba, kama mlivyozoea huko mahakamani.

1. Ameniwekea tarehe, mimi mumewe. Amesema mwezi huu ukiisha na ganda halina injini, analitoa kwa jirani yetu mfuga kuku. Yule bwana ameshakuja kupima mara mbili. Mara ya pili aliingiza kichwa dirishani, mimi nikiwa nimekaa kiti cha dereva, akasema, "Vifaranga mia mbili hapa hawabanani." Hakunisalimu, Shemeji. Alikuwa anaongea na dada yako kwa juu ya kichwa changu, kama vile mimi ni pumba.

2. Dada yako anawaambia watu sijatafuta kwingine. Nimetafuta mpaka nikachukiwa. Nilianza na injini ya pampu ya maji, nikaifunga kwa kamba ndani ya ganda, palepale sebuleni, kwa majaribio. Ganda lilicheza ngoma mpaka picha yetu ya harusi ikaanguka, halikusogea hata shubiri. Nikaenda karakana ya barabara niliyofanya kazi miaka ishirini na tisa, nikaomba injini ya greda langu la zamani. Mkuu wa karakana, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana, akanijibu, "Mzee, hiyo injini ukiifunga, kitakachoondoka ni ardhi, gari litabaki." Nikaenda chama cha mazishi. Gari lao la kubebea maiti lina injini tulivu sana, halijawahi kukimbizwa. Mwenyekiti akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akasema, "Hili utalipanda tu, baba, usiwe na haraka." Mkwe wetu mwenye teksi nilimwuliza kwa upole umri wa injini yake. Tangu siku hiyo anamshushia binti yetu njia panda na kuondoka bila kuzima gari.

3. Gari la dada yako linaingia kwenye hesabu kama kidole kwenye pete. Nilipima urefu kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma kwa futi yake ya kushonea, tena yeye mwenyewe akiwa ndani anasubiri mvua ikatike, asijue naokota nini huko chini. Vipimo vilivyo kwenye kitabu cha ganda ni hivyohivyo, havipishani hata upana wa ukucha. Hicho kitabu kimeandikwa lugha nisiyoijua, lakini michoro naisoma vizuri kuliko walioichora. Nilimsomea Fundi Taratibu, mchomeleaji wetu, naye ameshachomelea chesisi kwa kufuata kidole changu. Aliniuliza, "Mzee, una uhakika na injini itakayokaa hapa?" Nikamwambia mtu aliyesawazisha barabara za wilaya nzima kwa jicho tu haulizwi swali la namna hiyo.

4. Gari lenyewe limechoka, na dada yako analitesa. Lina miaka kumi na saba. Mlango wa nyuma unafungwa kwa utepe wa sare. Anasema, "Kama limechoka, unalitakia nini?" Hapo ndipo anapochanganya mambo. Kilichochoka ni gari. Injini iko ndani, haijaona jua, haijanyeshewa, inafanya kazi kivulini maisha yake yote. Mtu akinitazama mimi kwa nje anaweza kukosea vilevile.

5. Anasema gari ni lake. Mimi sikatai. Lakini tumeoana miaka thelathini na sita, na katika nyumba hii kila kitu tumegawana nusu kwa nusu, hata blanketi, ingawa blanketi anavuta. Basi na gari tugawane. Simnyang'anyi. Naomba nusu yangu tu, nusu ya mbele. Yeye abaki na nusu ya nyuma, ambayo ndiyo yenye buti, na sare zake ndimo zinamokaa. Nimemchagulia sehemu yenye faida na bado analalamika.

6. Anasema bila gari hatafikisha sare mashuleni. Nimelifikiria hilo kabla yake. Gari langu lina viti viwili. Kimoja changu, kingine chake. Sare tutazitandika juu ya ile pua ndefu na kuzifunga kwa kamba, na kwa mwendo nitakaokwenda zitafika zimenyooshwa na upepo, atapunguza makaa ya pasi. Nilipomweleza hivyo akaweka mkasi mezani, akatoka nje, nikamsikia anacheka na yule mfuga kuku. Hilo la kucheka na adui naomba uliandike peke yake, ila sikulipa namba kwa sababu ni dada yako.

7. Hili la saba, Shemeji, sikutaka kulitaja. Miaka ishirini na tisa niliendesha greda. Unajua mwendo wa greda. Barabara zote unazoziona huku nimezichonga mimi, na sijapita hata moja kwa kasi. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wanapiga honi, wakipata upenyo wananipita, wananitupia vumbi kwenye kazi yangu mwenyewe. Yamenipita malori, wamenipita wagonjwa, imenipita harusi ya mdogo wangu na nikachelewa chakula. Dada yako mwenyewe, kabla sijamjua, alinipita kwa baiskeli kwenye kilima, akageuka akanicheka, na ndivyo tulivyoanza. Nilimfukuza kwa greda hadi kwenu. Alifika, akaoga, akapika, akala, ndipo mimi nikatokea. Wewe ulikuwepo, ulikaa barazani na uliniuliza kama nimekuja kuchonga ua. Nataka siku moja nipite barabara zangu zote na asinipite mtu. Siku moja tu. Baada ya hapo kuku waje.

Kwa hayo yote naomba uamue, na uamuzi wangu ni kwamba uamue hivi: dada yako akabidhi ufunguo kabla ya Ijumaa, mfuga kuku akae umbali wa nyumba tatu kutoka sebuleni kwangu, na kile kicheko kifutwe. Andika kwenye karatasi rasmi na upige muhuri. Usiniambie ulirudisha muhuri ulipostaafu. Nimeona umeupiga kwenye kadi za mwaliko wa harusi ya binti yako.

Simama na haki, hata kama haki imekaa upande wangu.

Msalimie mkeo, na umwambie sebule yetu ina nafasi, ila aje na mtu mmoja tu, viti ni viwili. Wasalimie watoto, wakubwa kwa wadogo, na yule wa tatu anayependa magari nimwone akifunga shule. Dada yako anawasalimu pia, nadhani, maana kwa sasa tunaongea kupitia paka.

Ni mimi shemeji yako,
Dereva Mkuu wa Greda (mstaafu), na mtengenezaji wa magari.

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaibandika, nimeifungua. Leo asubuhi dada yako ameniita nje. Fundi Taratibu alikuwa pale, na dada yako amesimama na ufunguo mkononi. Akasema, "Haya, chukua nusu yako ya mbele," akalifungua boneti mwenyewe, kwa vidole viwili, kama anafungua kitabu. Katika miaka kumi na saba sikuwahi kuchungulia humo ndani, kwa heshima ya mali ya mtu. Shemeji, injini imelala kiupande. Chesisi yangu inataka injini iliyolala kwa urefu, inayosukuma magurudumu ya nyuma kwa shafti ndefu. Hii ya dada yako inavuta kwa magurudumu ya mbele, na huko chini shafti hakuna kabisa, nimeingia kwa tumbo kuhakikisha. Fundi Taratibu alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Dada yako hakucheka. Aliniletea maji ya kunawa na kunifuta grisi sikioni kwa kitambaa cha sare, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini hiyo inayosukuma nyuma inapatikana kwenye gari gani. Tukafikiri wote watatu. Dada yako ndiye aliyekumbuka kwanza.

Kwa hiyo namba moja hadi saba zifute, gari la dada yako lisiguswe na mtu. Lenye injini ya urefu na shafti ndefu ni pikapu yako. Amesema wewe ni mkarimu tangu utotoni, na mfuga kuku ameongezewa mwezi mmoja wa kusubiri. Tunakuja Jumamosi na jeki, mimi na yeye, kwa gari lake, anaendesha yeye. Kuanzia leo tafadhali tembea kwa miguu, tusije tukaikuta injini imechoka.