Kamera Inayosahau Tarehe

Jumatatu, 3 Machi
Tangi la uani kavu tena. Mama Mwenye Nyumba katukusanya wapangaji wote, kasema huyo anayeacha bomba wazi akijulikana tu, mwisho wa mwezi afungashe. Akasema hivyo huku ananitazama mimi. Mimi! Cherehani ya mke wangu iko barazani, wateja wamemzoea hapo. Tukihama ni kuanza moja. Namshuku Kinyozi wa chumba cha mbele. Mataulo yote ya saluni anafulia hapa. Nitampiga picha akiwa kwenye tendo. Nina kamera.

Jumanne, 4 Machi
Ni kamera ndogo, ya siku nyingi. Ukiiwasha, lenzi inatoka nusu, inakohoa, inasubiri kofi la mgongo. Mlango wa betri nimeufunga kwa lastiki ya sketi, ya mke wangu. Ukitoa betri inasahau tarehe, inarudi Januari mosi 2005. Siilaumu. Hata mimi mwaka ule niliupenda.
Asubuhi nikajibanza nyuma ya shuka zilizoanikwa. Kinyozi kaja na ndoo. Nikabonyeza. Kamera ikafikiri. Ikaendelea kufikiri. Taa yake inawaka, mtu keshaondoka, nimepiga shuka. Kinyozi akarudi kuchungulia, akanipa shikamoo ya kusikika mtaa wa pili, akauliza mgonjwa wangu kifua kinaendeleaje. Wapangaji wakacheka.

Jumatano, 5 Machi
Betri zimekufa. Nimezianika dirishani, wapi! Nimeazima za saa ya ukutani. Saa ikasimama, gauni la mteja likachelewa, mteja akaondoka anafyonya. Mke wangu kaniuliza: tukifukuzwa hapa, tutahamia ndani ya hiyo kamera? Swali zito. Nikatoka nje.
Nikaiweka kamera ukutani inipige yenyewe, nijaribu betri. Nimevaa shati jipya alilonishonea mke wangu wiki iliyopita, kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia mapya ya Mama Mwenye Nyumba. Nikasimama kando ya bomba, nikalifungulia. Maji yakitiririka picha inachangamka. Imetoka safi! Nikakimbilia ndani kumwonyesha mke. Hakuinua macho.
Jioni: tangi kavu tena. Huyu Kinyozi hana haya!

Alhamisi, 6 Machi
Maji yamerudi. Na mimi nimeijulia kamera: leo nimebonyeza kabla mtu hajafika. Nimempata! Kinyozi anaondoka na ndoo, na nyuma yake bomba linamwaga. Nimeibusu kamera. Lenzi ikagoma kurudi ndani. Na igome, kazi yake imekwisha.

Ijumaa, 7 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.
Niliomba kikao uani, nikapewa. Mama Mwenye Nyumba kavaa miwani, kaishika kamera kama yai, kaona tarehe pembeni. Akauliza mwaka 2005 tangi hili lilikuwepo? Kinyozi akadakia kwamba mwaka huo yeye alikuwa anajifunza kufunga kamba za viatu. Nikasimama. Nikaeleza kwa kirefu, na nilieleza vizuri, kwamba tarehe za kamera hii ni uongo mtupu, asiziamini hata moja. Mama akakubali. Akanisifu kwa ukweli.
Kinyozi akaomba kuangalia. Akaweka kidole chini ya bomba pichani: ndoo yake ya pili, inajaa. Alikuwa anapeleka ya kwanza mlangoni, anarudi. Kweli ndoo ipo. Siku nzima nimetazama mgongo wa Kinyozi, ndoo sikuiona.
Nikanyoosha mkono nichukue kamera yangu. Mama alikuwa anabonyeza, anarudi picha za nyuma. Akasimama kwenye moja. Akauliza: na huyu anayecheka ni nani? Bomba wazi, hamna ndoo, maji yanatambaa hadi ukutani.
Nikasema hiyo ya zamani, Mama, tazama tarehe!
Kinyozi akauliza kwa upole sana kama si mimi niliyesema tarehe ni uongo. Mama akalitazama shati pichani. Akageuka akatazama mapazia yake dirishani. Akavua miwani.
Mwisho wa mwezi, kasema.
Mke wangu akainuka, akaenda kufunika cherehani.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kaingia kwa Mama, katoka macho mekundu. Yeye na cherehani watabaki. Chumba sasa ni chake. Mimi naishi humo kama mgeni wake. Tangi nitalijaza mwenyewe, kwa madumu, kutoka kisima cha mtaa wa chini. Nikirudia, mgeni ataondoka na mwenyeji wake. Mke wangu kanisihi, hakunigombeza. Kasema, baba, hapa ndipo mkate wetu ulipo. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 9 Machi
Mabega yamekwisha, lakini tangi limejaa hadi juu. Na nani ataamini? Kinyozi atasema mvua. Lazima pawepo ushahidi. Nimeiweka kamera ukutani, nimesimama kando ya bomba, nimelifungulia kidogo ili ionekane maji yapo. Lenzi ikakohoa, ikazima. Betri tena! Nimezianika dirishani, nami nimeketi hapa ndani kuandika huku zikipata moto.
Mke wangu ananiita kutoka barazani. Anaita kwa nguvu, kuna jambo la maji sijui. Angoje kidogo. Nikitoka sasa, betri zitapoa.